Kutu ya Nyumba Mbili

Jiwe langu la kunolea limebaki unene wa vidole viwili. Siku nilipokabidhiwa lilikuwa vidole tisa. Nimepima mara mbili, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, maana mkono wa kulia umezoea kunipendelea. Vidole saba vya jiwe vimekwenda kwenye mapanga, majembe, visu vya bucha na sime za watu wa Tarime na Serengeti, nami nilikuwa upande wa pili wa jiwe hilo nikipungua nalo taratibu. Mwezi uliopita niliacha kazi. Macho yamekataa. Nikitazama makali nayaona mawili, na sijapata mteja wa kunilipa kwa makali ambayo hana.

Ninyi mliobaki kwenye mstari wetu nyuma ya soko la Tarime mmeniomba niandike. Habari za kipato nazipita kwa kuwa ni fupi. Vyeo navyo havikuwepo: unaanza ukiitwa fundi, unamaliza ukiitwa fundi mzee. Nitaandika juu ya chuma, halafu nitaandika juu ya kosa moja, kwa sababu kosa hilo halijaisha na mmoja wenu atalirithi.

Nilianzia Kewanja. Nilikwenda kule kama vijana wengine, kutafuta dhahabu, lakini dhahabu haikuwa imesikia habari zangu. Pembeni ya njia ya machimboni alikaa Mzee Masanja, Msukuma kutoka upande wa Shinyanga. Naye alikuja kuchimba, akachimba msimu mmoja, akagundua kwamba kitu pekee ambacho kila mchimbaji anacho kwa uhakika ni chuma butu. Akaweka jiwe chini ya turubai, akakaa. Nilimpelekea sururu yangu, tukabishana bei mpaka kivuli cha turubai kikatuhama wote wawili. Mwishowe akaniambia, "Mura," maana neno hilo la kwetu la kumwita kijana alikuwa ameshalizoea, "mtu anayebishana hivi juu ya sururu hana nguvu za kuchimba. Zote ziko mdomoni. Kaa hapa unipokelee wateja."

Siku ya kwanza hakunigusisha jiwe. Alinipa panga jipya kabisa, linalong'aa, akasema nilishike vizuri kwenye ubapa, niliangalie, nililaze kwenye gunia. Nikafanya. Nikadhani kazi ni rahisi. Kesho yake asubuhi akanionyesha panga lile: alama zangu tano zimejichora pale kwa kutu, kidole gumba na vinne vyake, wazi kama kwenye fomu ya serikali.

"Unasoma?" akaniuliza.

"Nasoma."

"Basi hayo ni maandishi yako. Jasho lako lina chumvi. Chuma hakisahau nani alikishika."

Tangu siku hiyo nashika mpini tu, na nikilazimika kushika ubapa natumia kitambaa. Mmeniona mkacheka. Chekeni, lakini nendeni mkatazame visu vyenu asubuhi.

Wiki ya tatu Masanja alikwenda msibani, akaniachia kibanda. Mama mmoja mkulima akaleta panga lililoliwa na kutu, anataka haraka. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea, ana grinda. Nikaona mzee amekuwa akipoteza muda bure. Nikapitisha grinda, cheche zikaruka, watu wakasimama kutazama, nikajiona nimefika. Panga likatoka jeupe, na ukingoni likapata rangi nzuri ya bluu. Mama akaondoka amefurahi. Siku ya nne akarudi.

"Kijana, hili panga umelifanyaje? Nikikata mkonge linajikunja kama ulimi wa ng'ombe."

Masanja alikuwa amesharudi. Hakugomba. Alinishika kidole, akakiweka kwenye ile rangi ya bluu. "Hapa umekiua," akasema. "Moto umetoa ugumu wote. Kutu ingehitaji miaka kumi. Wewe umemaliza kabla ya chai." Akachukua panga lake mwenyewe nyumbani, akampa yule mama. Mimi nikapewa lile la bluu, nikalitumia kukatia majani ya ng'ombe wake kwa mwaka mzima, nikijikumbuka kila linapojikunja.

Sasa nitasema jinsi ya kusafisha sime, maana sime ndiyo iliyoniletea haya yote. Panga ni la kazi, ukilikwaruza limekwaruzika, mwenyewe hana habari. Sime ni ya mtu. Ina makali pande mbili na mshipa wa katikati, na zile za zamani nyingi zilifuliwa kutoka springi za gari, chuma kizuri kisichosamehe pupa. Ichomoe kwenye ala polepole, makali yakitazama mbali na kiganja chako. Ala yenyewe iweke juani, usiirudishie sime humo siku hiyo, wala mwezi huo. Ngozi inanywa unyevu na kuutunza. Mtu anaficha sime kwenye ala akidhani ameilinda, kumbe ameilaza kwenye tope.

Kisha itazame. Kutu ziko mbili. Nyekundu inakula, ukiigusa inaacha unga kidoleni. Nyeusi imeshashiba, imekaa kama ngozi, na mara nyingi inalinda kilicho chini yake. Fundi mbaya anatoa zote ili mteja aone weupe. Fundi mzuri anatoa nyekundu, anabakiza nyeusi, halafu anatumia nusu saa kumweleza mteja kwa nini kisu chake haking'ai.

Paka mafuta ya taa, uache ilale nayo usiku mmoja, au mbili kama magamba ni mazito. Magamba yaondoe kwa kipande cha shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma, haichubui. Mimi nilikuwa na kitasa cha zamani nilichokinyoosha kwa nyundo. Baada ya hapo ni jivu laini lililochekechwa, na mafuta kidogo, na kitambaa, ukisugua kufuata urefu wa sime, kutoka mpini kwenda ncha, njia moja, bila kurudi. Nahesabu misuguo mia mbili kila upande, na nikifika mia mbili narudia kuhesabu kwa sababu mia ya kwanza huwa najidanganya. Ndimu usitumie. Inasafisha haraka, lakini inaingia kwenye vishimo ikakaa humo, na baada ya wiki mbili kutu inarudi na ndugu zake. Msasa ni kwa mtu aliyekata tamaa. Mwisho futa mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia, pasha sime joto juani, paka mafuta mepesi, ufute tena kana kwamba umejuta kupaka. Kinachobaki ndicho kinachotosha.

Kwa kazi hiyo nimeketi na watu wa kila namna. Wachimbaji waliokuja kutoka mikoa ambayo siijui hata njia yake. Wauza nyama, ambao kila mmoja anaamini kisu cha mwenzake ni kikali zaidi kwa sababu nimempendelea. Msimu wa tohara, vijana wanaleta mapanga na mikuki ya babu zao itolewe kutu ipendeze njiani, na wazee wao wanakuja nyuma yao kuniuliza kimya kimya kama nimeinoa, nami najibu kwamba nimeing'arisha tu, tunaelewana. Na alikuwepo mfanyabiashara wa Sirari, anayepeleka vitu vya asili kwa watalii. Aliniletea sime mpya kabisa.

"Mzee wangu, si uifanye ikae ya kitambo kidogo?" akasema. "Wageni hawanunui kitu safi."

Ndiyo mara pekee niliyolipwa kufanya kinyume cha kazi yangu. Chumvi, maji, mchanga mbichi, siku tatu. Ikatoka nyekundu kama udongo wa Nyamongo. Aliipenda. Mimi sikuipenda, lakini bei tuliyopatana ilinisaidia kutoipenda kwa utulivu.

Mzee Masanja aliporudi kwao, kifua kimeshachoka na vumbi la jiwe, aliniachia jiwe na maswali matatu. Chuma kikija, uliza ni cha nani. Uliza kilifanya kazi gani mara ya mwisho. Uliza nani atakitazama kikitoka hapa. Mawili ya kwanza niliyaelewa: la kwanza ni kwa ajili ya wezi, la pili ni kwa ajili ya polisi. La tatu nililiona ni udaku wa mzee. Nililiuliza miaka michache, nikaacha. Nilipohamia Tarime mjini nilikuwa nimeshalisahau.

Miaka minne iliyopita alikuja kijana anaitwa Chacha, wa Nyakunguru, anayeendesha gari la maji kule machimboni. Baba yake, Marwa, alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na familia ilikuwa inajiandaa kwa siku ya kumkumbuka. Kijana alifungua kanga, ndani kuna sime.

"Shikamoo, fundi. Hii ilikuwa ya baba. Nimeikuta juu ya dari, imeoza namna hii. Nimeona aibu."

Niliitazama, na hapa ndipo ninyi mnaojifunza mnapaswa kusimama. Ilikuwa sime nzuri sana. Mpini ulikuwa umetunzwa, ngozi yake imepakwa mafuta, haina hata ufa. Lakini chuma chenyewe kilikuwa kimeliwa vibaya, magamba juu ya magamba, kutoka kwenye mpini mpaka ncha. Mtu anayepaka mpini mafuta miaka yote hasahau chuma kilichoshikana nao. Macho yangu yaliona jambo hilo. Kinywa changu kilikuwa kwenye bei.

Alitaka nisafishe na kunoa. Nikamtajia. Akasema ni nyingi. Nikamwambia kusafisha ni kazi moja, kunoa ni kazi nyingine, achague. Akakuna kichwa, akasema basi nisafishe tu, hana wa kumkata. Tukacheka.

Niliifanya kwa siku tatu. Sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile. Chini ya magamba kulikuwa na chuma kigumu, kimya, na mshipa wa katikati ulionyooka kama uzi wa seremala. Vishimo vilibaki, siwezi kudanganya, lakini ilipotoka juani majirani waliacha kazi zao wakaja kuishika, nikawakatalia. Chacha alipoichukua akasema, "Baba angefurahi." Nami nikaamini.

Siku tano baadaye alikuja mama mtu mzima, amefunga kitenge cha msiba, anatembea moja kwa moja kuelekea kwangu bila kutazama vibanda vingine. Alikuwa mjane wa Marwa. Sime ilikuwa kwapani mwake, kwenye kanga ileile.

"Wewe ndiye uliyeisafisha?"

"Ndiyo mimi, Mama Chacha. Karibu. Kuna tatizo?"

"Sikuwepo nyumbani. Nilikuwa Musoma namuuguza binti yangu. Ningekuwepo isingetoka darini." Akakaa kwenye gogo la wateja. "Unajua umefuta nini?"

Akanieleza. Miaka ishirini na miwili nyuma kulikuwa na ugomvi wa ng'ombe pale mtoni, kati ya nyumba ya Marwa na nyumba ya mtu wa Busawe, ng'ambo, upande wa Serengeti, anaitwa Mwita. Marwa alimkata Mwita mkononi kwa sime hii. Watu wa pande zote mbili wakaanza kukusanyika. Wazee waliwahi, wakawakalisha siku mbili, na mwisho wake haukuwa ng'ombe tu. Mwita alisema ng'ombe watazaa na kufa, yeye anataka kitu cha kutazama. Wakapatana hivi: Marwa asiitupe sime, wala asiisafishe, wala asiipake mafuta tena. Mpini autunze ili wajue haijasahaulika. Chuma akiache kiliwe. Na kila mwaka baada ya mavuno Mwita atavuka mto, ataonyeshwa. Maadamu inaliwa, neno limekwisha. Siku ikikutwa imesafishwa, maana yake nyumba ile imejiandaa upya, na mapatano hayapo.

"Marwa hakuwaambia watoto?"

"Chacha alikuwa ananyonya. Tukampeleka kwa mjomba wake asome mbali na mambo haya. Baba yake alisema atamwambia akikua. Alikua, baba yake akawa anasema atamwambia akioa."

"Na Mwita anakuja lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Na wanawe watatu ni watu wazima. Wao hawakukatwa, kwa hiyo wana hasira zaidi ya baba yao." Akaiweka sime magotini mwangu. "Fundi, irudishe ilivyokuwa."

Nilihesabu siku. Zilikuwa tisa. Nikahesabu tena, zikawa bado tisa. Nikamwambia nitajaribu. Nilijua njia, nilishamfanyia yule wa Sirari. Nikaifunga na mchanga mbichi wenye chumvi, nikaiweka nyuma ya kibanda. Siku ya tatu nikaifungua. Ilikuwa nyekundu, nzuri, ya kumfurahisha mgeni mwenye kamera. Nikapitisha kidole, ikaondoka yote, chini ni weupe wangu uleule. Kutu ya miaka ishirini na miwili ilikuwa nyeusi, ina matabaka kama gome la mti. Mtu ambaye ameitazama mara ishirini na mbili, na ambaye kila akifunga kifungo cha shati anakumbuka ilikotoka, hawezi kudanganywa na unga. Na akigundua kwamba amedanganywa, basi hapatakuwa tena na sime moja tu ya kuzungumzia.

Nikaiosha chumvi, nikaikausha. Jumatatu nikapanda pikipiki kwenda Busawe. Mama Chacha nilimwambia. Chacha mwenyewe, ambaye sasa alikuwa ameambiwa, alitaka kuja. Nilimkatalia. Nilimwambia mwenye nyumba anapotaka kumpigia mtu kelele, ni afadhali ampigie fundi.

Mwita nilimkuta anatengeneza zizi. Alikuwa mrefu, mkono wa kulia vidole vitatu havikunjiki, alikuwa anapigilia msumari kwa mkono wa kushoto. Wanawe watatu walikuwa pale. Nikaamkia, nikasema mimi ni nani, nikaweka kanga chini, nikaifungua mwenyewe kabla hajaniuliza chochote. Jua likaipiga. Kijana mkubwa akaweka nyundo chini taratibu.

"Nimeisafisha mimi," nikasema. "Kijana aliikuta darini, hakujua. Nami sikuuliza. Nyumba ya Marwa haikunituma niisafishe kwa ubaya. Nimekuja kabla ya Jumamosi ili usiikute hivi ukiwa umeshasimama mlangoni kwao."

"Umelipwa?" akauliza yule kijana.

"Nimelipwa kuisafisha. Kuja huku nimejilipia."

Mwita akachuchumaa. "Umeinoa?"

"Sikuinoa, tata," nikasema, kama tunavyomwita baba kwetu. "Kijana alitaka nimpunguzie, nikampunguzia kunoa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akaichukua sime kwa mkono wa kushoto, akachukua kamba ya ndama iliyokuwa kwenye mti wa zizi, akaikereza. Mara moja, mara mbili, mara tano. Kamba ikatoa manyoya, haikukatika.

"Haikati hata kamba," akasema.

"Leo," kijana akasema. "Kesho fundi ataikalisha kwenye jiwe. Baba, watu hawa wametuonyesha. Tunasubiri nini?"

"Nasubiri umalize kusema." Akanigeukia. "Kutu ile ilikuwa ya miaka ishirini na miwili. Nilikuwa naitazama inavyokua. Kuna mwaka nilikuwa na hasira nyingi, nikaenda nikakuta imefika kwenye mshipa wa katikati, nikarudi nimepoa. Nirudishie."

"Tata, siwezi. Nimejaribu hata kukudanganya, imeshindikana. Miaka siuzi. Sina hata ya kwangu ya ziada."

"Basi inabaki hapa."

Nimepatana bei maisha yangu yote, na nilijua kwamba hapo ndipo mtu mwoga hukubali. "Ikibaki hapa," nikasema, "mama yule hatalala. Atasema waliokatwa sasa ndio walioshika mpini. Na wajomba wa Chacha watakuja kuuliza kwa nini."

"Ikirudi kwao?"

"Wanao hawa hawatalala."

"Hilo kweli," kijana wa pili akasema.

"Itupwe mtoni, mamba waitunze," akasema wa tatu. Wenzake hawakucheka.

"Kilichotupwa hakionekani," Mwita akasema. "Mimi nataka kuona." Akawa anageuza sime, jua linakwenda na kurudi usoni kwake. "Wewe fundi, unalala?"

"Nalala."

"Basi ikae kwako."

Nikasema itakaa kibandani. Akakataa, kibandani pana mafuta, hata hewa yake ni mafuta. Nikasema nyumbani, ndani, kwa sababu ya wezi. Akasema nje, chini ya upenu, mvua iione. Nikasema nje, lakini juu, watoto wasifike. Akakubali juu. Nikasema kila nyumba ije siku yake kuitazama. Hapo alikataa kabisa. "Siku moja," akasema. "Mimi na kijana wa Marwa, tusimame pamoja. Asiyejua, ajue." Nilipambana na hilo kuliko mengine yote, nikashindwa. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: "Na wewe hutaigusa. Ukiona inaoza, tazama tu. Ndiyo malipo yangu."

Nilikubali haraka mno. Mtu yeyote wa sokoni angejua kwamba nimeuziwa ghali.

Chacha alikuja nyumbani kwangu mwenyewe kuipandisha ukutani. Akiondoka, mlangoni, aliniuliza kama baba yake aliogopa. Nikamwambia sikumjua baba yake, lakini mtu anayepaka mpini mafuta miaka ishirini na miwili bila kugusa chuma, huyo anakumbuka.

Mvua za kwanza zilipokuja nilikuwa nimekaa mlangoni nakunywa uji. Nikaona doa, dogo kama chembe ya ulezi, karibu na ncha. Nilisimama bila kujua nimesimama. Mke wangu, Robi, akasema, "Rudisha hicho kitambaa." Nikatazama mkononi, kweli nina kitambaa. Nikakirudisha. Mwaka huo wote nilikuwa napita upande wa pili wa nyumba. Nisiwafiche: nimezika watu bila kulia, lakini kuitazama kazi yangu bora ikiliwa chembe kwa chembe, nikijua kwamba jivu kidogo na mafuta ya kijiko kimoja vingeisimamisha, hilo lilinitoa machozi mara mbili. Mara ya pili nilisingizia kitunguu.

Mwaka wa kwanza Mwita alikuja na wanawe wote watatu. Walisimama kwenye lango, hawakuingia. Chacha alikuwa peke yake, shati limelowa jasho. Mwita akanyoosha mkono ule wa vidole visivyokunjika, akagusa sime kwa kidole gumba. Kikatoka na wekundu kidogo. Akamwonyesha Chacha kidole, na Chacha akakitazama, na mkono wote, muda mrefu. Hakuna aliyekunywa chai.

Mwaka wa pili walikunywa. Mwaka wa tatu wanawe wawili hawakuja, walikuwa na kazi za shamba, na kwangu hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote. Mwaka huu alikuja na yule mkubwa tu, aliyeweka nyundo chini siku ile. Mwita sasa anatembea na fimbo. Walitazama, magamba yameanza kupandana, na nyeusi imeanza kuonekana chini ya nyekundu. Kisha yule kijana mkubwa akamuuliza Chacha kama kweli gari la maji linalipa, maana ana shemeji anatafuta kazi. Chacha akamjibu. Wakasogea kivulini wakaendelea na habari hizo, wametupa mgongo mimi, Mwita na sime. Mwita akaniangalia, akasema, "Bado."

"Bado," nikasema.

Sijui atavuka mto mara ngapi zaidi. Sijui pia mimi nitakuwepo mara ngapi. Wanawe na Chacha nimewauliza, kila mmoja kwa siku yake, sime iende wapi nikiondoka. Wote wamejibu kitu kimoja bila kuambizana: ikae kwa fundi. Hawakusema fundi gani.

Kwa hiyo atakayechukua nafasi yangu pale sokoni, aje pia nyumbani aichukue. Mpini upake mafuta ya ng'ombe kila baada ya miezi mitatu, kidole kimoja cha mafuta, yasishuke kwenye chuma. Itundike nje, juu, upande wa mvua. Baada ya mavuno weka benchi na chai ya watu wanne, hata wakija wawili. Wakiuliza kama umeigusa, uwe na jibu moja tu. Mikono itakuwasha. Utaona doa jipya na utajua hasa la kufanya, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Liache.